Usingizi Unapoharibiwa na Kemikali za Kazini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mfanyakazi anayekwenda zahanati kueleza kwamba halali usiku huulizwa kuhusu mawazo, kuhusu pombe, na pengine kuhusu ndoa yake, kisha hupewa vidonge akarudi nyumbani. Ni mara chache sana anaulizwa mikono yake ilishika nini mchana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa kuchomelea, mpakaji wa rangi za magari, mpulizaji wa dawa katika mashamba ya maua na mboga, mchimbaji mdogo wa dhahabu na mtu anayeyeyusha betri kuukuu, pamoja na wale wanaoishi nao nyumba moja, kwa kuwa mara nyingi mke, mume au mama ndiye anayegundua kwanza kwamba usingizi wa mtu umebadilika.

Jambo moja linaongoza hatua zote zinazofuata: saa ambayo dalili inatokea, ikilinganishwa na saa za kazi, huelekeza kwenye aina ya kemikali hata kabla ya kipimo chochote cha maabara. Kwa sababu hiyo tunaanza na daftari na kalamu, wala hatuanzi na dawa ya usingizi.

Hatua ya kwanza: Weka daftari la kazi na usingizi

Chukua daftari la kawaida, uandike kila siku kwa muda wa wiki mbili au tatu. Muda huo uwe na siku za kazi na siku za mapumziko, kwa sababu siku za mapumziko ndizo zitakazokusaidia kulinganisha. Andika ulifanya kazi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa kutumia kitu gani, mahali pa wazi au pa kufungika, na ulivaa nini. Kisha andika ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi na kwa sababu gani: kikohozi, jasho, ndoto za kutisha, kichwa, mapigo ya moyo kwenda mbio, au macho kukodoka tu bila sababu. Malizia na namna ulivyoamka asubuhi, kama mwili ulikuwa mwepesi au ulikuwa mzito.

Maelezo yawe ya wazi kiasi kwamba mtu asiyekujua aweze kuyafuata. Mfano wa siku moja ya mpulizaji katika kitalu nyumba unaweza kusomeka hivi: “Jumanne. Nimepuliza saa 12 hadi saa 4 asubuhi, dawa ya chupa yenye mstari wa njano. Glavu ya kulia ina tundu kwenye kidole gumba. Overoli imelowa mgongoni kwa sababu bomba linavuja. Saa 8 mchana kichwa na kichefuchefu. Nimelala saa 4 usiku, nimeamka saa 7 nimelowa jasho, ndoto mbaya, sikulala tena hadi saa 10.” Mistari michache ya namna hii ina thamani kubwa kwa daktari kuliko maneno “silali vizuri” yaliyorudiwa mara kumi.

Tundu la glavu na bomba linalovuja vimetajwa kwa makusudi. Kwa mtu anayepuliza viuatilifu, kiasi kikubwa cha sumu hupita kwenye ngozi, hasa ngozi iliyolowa jasho, na wala si puani peke yake kama wengi wanavyodhani.

Mwombe pia mtu mnayelala chumba kimoja akueleze anachokiona: kama unakoroma kuliko zamani, kama pumzi yako hukatika kwa sekunde kadhaa kisha unashtuka, kama unapiga mateke au kuongea usingizini. Mambo hayo mwenyewe huwezi kuyajua.

Hatua ya pili: Soma saa

Daftari likishajaa, tafuta mpangilio. Ipo mipangilio mitano inayojitokeza mara kwa mara, na mtu mmoja anaweza kuwa na miwili kwa pamoja.

Wa kwanza ni homa ya usiku ya wachomeleaji, na huu nitaueleza kwa urefu kwa sababu katika nchi zetu hufichwa na malaria. Fundi anapochomelea au kukata mabati na mabomba yaliyopakwa zinki, moshi mweupe unaopanda huwa na chembe ndogo mno za oksidi ya zinki, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Wakati huo hasikii chochote cha ajabu. Saa 4 hadi 10 baadaye, yaani akiwa nyumbani amekwisha kula, koo hukauka, mdomo huwa na ladha ya chuma, kisha huja baridi, kutetemeka, homa, maumivu ya viungo na jasho jingi linalomwamsha usiku kucha. Kesho yake anakuwa mchovu, na kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48 amepona kabisa. Asiyejua ataenda duka la dawa kununua dawa ya malaria, atapona kama ambavyo angepona bila dawa hiyo, na ataamini kwamba malaria ndiyo iliyomsumbua. Dalili ya kuitofautisha iko kwenye daftari: homa hii hufuata siku za kuchomelea mabati, na mara nyingi huwa kali siku ya kwanza baada ya mapumziko, kwa sababu mwili huizoea kiasi katikati ya wiki na kusahau mazoea hayo mwishoni mwa wiki. Hata hivyo kipimo cha malaria kifanyike, kwani kuwa fundi hakumkingi mtu na mbu. Na iwapo kifua kinabana zaidi siku ya pili badala ya kupata nafuu, nenda hospitali bila kusubiri, kwa maana moshi wa kadimiamu, unaotoka kwenye baadhi ya vyuma vilivyopakwa na baadhi ya madini ya kulehemu, huanza kwa dalili zilezile kisha huweza kuua kwa kujaza mapafu maji.

Mpangilio wa pili ni kikohozi na kubanwa kifua usiku. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishio, kile mafundi wanachokiita hadina, huwa na isosianeti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini. Mtu aliyekwisha kupata mzio anaweza kupuliza rangi mchana bila shida, kisha kifua kikaanza kubana jioni au usiku wa manane, hivyo akalaumu vumbi la godoro, baridi au mito ya manyoya. Unga wa ngano kwa waokaji, vumbi la mbao, na dawa za kusafishia zenye klorini huweza kufanya vivyo hivyo. Alama yake kubwa ni kwamba hali huwa afadhali siku za mapumziko na likizo, na hurudi kazi inaporudi.

Wa tatu ni usingizi wa mchana unaofuatwa na usiku mwepesi. Thina, petroli, gundi za viatu na samani, na rangi za mafuta zina viyeyusho kama toluini na zailini, ambavyo hulevya ubongo. Mfanyakazi anasinzia kazini, kichwa kinamgonga, anajihisi kama aliyekunywa kidogo, kisha akifika nyumbani usingizi huwa wa kukatikakatika. Wengine hujiona wazima mara wanapopata hewa safi, na hapo ndipo wanapodanganyika, kwa sababu kukaa na mivuke hiyo kwa miaka kunaweza kuacha madhara yasiyoondoka haraka. Katika nchi za Skandinavia, tangu miaka ya 1970, madaktari walianza kuona wapaka rangi waliofanya kazi kwa miaka mingi wakiwa na usahaulifu, hasira za haraka, uchovu na usingizi mbovu, na hali hiyo ikaja kutambuliwa rasmi kuwa ugonjwa wa kazi. Tafiti za huko zilihusisha pia viyeyusho na kukatika kwa pumzi usingizini, ndiyo maana ushuhuda wa mwenzako wa chumbani juu ya kukoroma ni wa maana.

Wa nne unahusu viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama klopirifosi, dayazinoni na dimethoeti, na ndugu zao wa kundi la kabamati. Sumu hizi huzuia kimeng’enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuvunja asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya neva na misuli, na ambayo ndani ya ubongo inahusika moja kwa moja na kuamka na kuota ndoto. Asetilikolini ikirundikana, mtu hutokwa jasho na mate, tumbo husokota, macho huona ukungu, na usiku huja ndoto nzito na kuamka kila mara. Kabamati huachia kimeng’enya ndani ya siku moja hivi. Oganofosfeti haziachii kwa urahisi, na kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu hurudi kwa kiasi cha asilimia 1 tu kwa siku, kwa hiyo dozi ndogo ndogo za kila wiki hurundikana hata kama hakuna siku hata moja ambayo mfanyakazi aliugua kiasi cha kuanguka. Mpulizaji anayesema “mimi nimezoea dawa” huenda ndiye aliyebakiwa na akiba ndogo kuliko wote.

Mpangilio wa mwisho ni ule usio na mpangilio. Zebaki, risasi na manganizi huingia polepole, na usingizi huharibika kwa wiki na miezi bila kujali Jumapili wala sikukuu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Wachimbaji wadogo wa Geita, Chunya na Migori wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye karai au jiko la mkaa huuvuta bila kujua, na wengine huchoma ndani ya nyumba wanamolala ili wasionekane na wezi. Dalili zake ni kukosa usingizi, mikono kutetemeka, fizi kuuma, woga wa kukaa na watu na hasira zisizo na sababu, mambo ambayo majirani huyaita kurogwa au tabia mbaya. Risasi, kwa wanaovunja na kuyeyusha betri, huja na uchovu, tumbo kuuma, kukosa choo, maumivu ya viungo na usingizi usioburudisha. Manganizi, iliyomo kwenye moshi wa kuchomelea vyuma, huweza kuanza kwa kukosa usingizi na kubadilika tabia kabla ya mwendo na mikono kuathirika.

Hatua ya tatu: Pata jina la kemikali

Neno “dawa” halimsaidii daktari. Piga picha lebo nzima ya chupa au kopo, hasa mahali palipoandikwa kiambato amilifu, yaani kile kinachofanya kazi, kwa sababu kiambato kimoja huuzwa kwa majina mengi ya biashara. Kwenye viuatilifu tazama pia mstari wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ndiyo hatari kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani maana yake ni hatari ndogo ya sumu ya papo kwa papo, na haimruhusu mtu kupuliza akiwa kifua wazi.

Kwa kemikali za kiwandani, omba karatasi ya taarifa za usalama. Karatasi hiyo ina sehemu 16 zilizopangwa kwa utaratibu uleule duniani kote, hivyo ukijua namba unafika moja kwa moja. Sehemu ya 2 inaeleza hatari, na ukikuta onyo kwamba kitu kinaweza kusababisha kusinzia au kizunguzungu, au kwamba kinaweza kusababisha dalili za pumu kikivutwa, umepata ushahidi unaoutafuta. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni vifaa vya kujikinga, na ya 11 ni sumu yenyewe inavyofanya mwilini. Msimamizi akisema karatasi haipo, andika siku uliyoomba na jibu ulilopewa.

Tatizo gumu zaidi ni kitu kilichohamishwa chombo. Thina iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo, na viuatilifu vinavyouzwa rejareja kwa vipimo vya kizibo havina pia. Muulize aliyenunua, fuatilia hadi kwenye chombo cha kwanza, na ikiwa haiwezekani mwambie daktari harufu yake, rangi yake na kazi yake.

Hatua ya nne: Toa sababu nyingine mezani

Uaminifu unahitajika hapa, kwa kuwa daktari au mwajiri atauliza, na ni heri uwe umejiuliza mwenyewe kwanza. Zamu za usiku peke yake huvuruga usingizi. Miraa, kahawa, chai ya rangi ya jioni na vinywaji vya kuongeza nguvu hufukuza usingizi, na pombe humlaza mtu haraka kisha kumwamsha usiku wa manane. Jiko la mkaa lililoachwa chumbani hutoa kaboni monoksidi, ambayo huleta kichwa kuuma asubuhi na huweza kuua. Dawa ya mbu inayopulizwa chumbani kila usiku ni kemikali pia. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, kwa hiyo anayezitumia amweleze daktari kabla ya kupimwa zebaki, usije ukalaumiwa mgodi kwa kosa la kopo la krimu. Zote hizi ziandikwe kwenye daftari. Kuwapo kwa sababu nyingine hakufuti ile ya kazini.

Tazama pia mahali unapolala. Vijana wengi wa gereji hulala dukani kulinda vifaa, wakiwa wametandika sakafuni. Mivuke ya petroli na thina ni mizito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, palepale penye godoro, na kijana anakuwa kazini saa 24 hata kama ameshika spreya kwa saa 3 tu. Mkulima anayeweka viuatilifu chini ya kitanda kwa kuogopa wizi, na mchimbaji anayehifadhi zebaki chumbani, wako katika hali hiyohiyo.

Hatua ya tano: Nenda kituo cha afya ukiwa na maneno tayari

Foleni ni ndefu na muda wa kuonana na daktari ni mfupi, kwa hiyo anza na kazi kabla ya dalili. Unaweza kusema: “Daktari, mimi ni mpakaji wa rangi za magari kwa miaka sita. Natumia rangi ya hadina ndani ya chumba kisicho na feni. Usiku wa siku za kazi nakohoa na kifua kinabana, Jumapili sikohoi. Hii hapa picha ya lebo na hili ni daftari langu.” Kwa sentensi hizo umempa nusu ya historia anayoihitaji.

Kipimo hutegemea kemikali, na kipimo kisichofaa huleta majibu ya uongo yanayotuliza moyo bure.

Kwa zebaki iliyovutwa kama mvuke, kipimo kinachofaa ni mkojo. Kwa risasi ni damu, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara damu inapofikia mikrogramu 5 kwa kila desilita. Kwa viyeyusho, mkojo huchukuliwa mwishoni mwa zamu, kwani ukingoja hadi keshokutwa kemikali imekwisha kutoka. Jambo dogo lakini lenye kuharibu majibu: kipimo cha zamani cha toluini hutafuta asidi ya hipuriki, na soda au juisi za chupa zilizohifadhiwa kwa benzoeti huongeza asidi hiyohiyo, kwa hiyo usinywe soda siku ya kipimo. Kwa pumu, kifaa kidogo cha kupulizia kinachopima kasi ya pumzi, kikitumika mara 4 kwa siku kwa wiki kadhaa zenye siku za kazi na za mapumziko, kinaonyesha ukweli kuliko kipimo kimoja cha kliniki.

Kipimo cha kolinesterasi kina sharti lake. Viwango vya watu wazima wenye afya hutofautiana sana, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachotakiwa ni kipimo cha msingi, kilichochukuliwa kabla ya msimu wa kupuliza, ili kile cha baadaye kilinganishwe nacho. Katika jimbo la California nchini Marekani, kanuni inataka mazingira ya kazi yachunguzwe pale kiwango kinaposhuka chini ya asilimia 80 ya kile cha msingi, na mfanyakazi aondolewe kwenye dawa pale kolinesterasi ya chembe nyekundu inapofika asilimia 70 au chini yake, asirudi mpaka ifike tena 80. Mashamba ya Naivasha, Thika na Arusha yana wafanyakazi wanaostahili utaratibu wa namna hii, na chama cha wafanyakazi kinaweza kuudai katika mkataba wa pamoja. Kama hukupimwa mwanzoni, bado kuna njia: pimwa sasa, kaa mbali na dawa, kisha pimwa tena baada ya wiki kadhaa. Kiwango kikipanda, umejua kwamba kilikuwa kimeshuka.

Hospitali ya wilaya huenda isiwe na vipimo hivi. Omba rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara za kuchunguza sumu, na daktari ndiye anayepaswa kupeleka sampuli huko.

Hatua ya sita: Punguza kinachoingia mwilini

Usisubiri majibu ya maabara ndipo uanze hatua hii. Kinachofaa zaidi ni kuondoa kemikali au kuibadilisha, kinachofuata ni kuitenganisha na watu kwa hewa na vizuizi, na vifaa vya kuvaa huja mwisho. Kwa bahati mbaya sehemu nyingi huanza na kuishia kwenye barakoa, tena ya kitambaa.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Mvuke wa thina na petroli unahitaji barakoa ya mpira inayoshika uso vizuri, yenye katriji za kaboni, yaani vikopo vya kuchuja mvuke, zinazobadilishwa kabla hazijajaa, na ukianza kusikia harufu ndani yake ujue muda wake umepita. Moshi wa kuchomelea unahitaji kichujio cha chembe. Rangi za isosianeti zinahitaji chumba chenye kufyonza hewa na, kwa kazi ya kila siku, hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje, kwa sababu isosianeti hazina harufu ya kukuonya pale katriji inapochoka. Mchomeleaji wa mabati akwangue zinki kwanza mahali pa kuchomelea, akae upande unaotoka upepo, na asiinamishe kichwa juu ya moshi. Mchimbaji atumie retoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa kinachokamata mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa zebaki ya majimaji, achome mahali pa wazi mbali na nyumba, na watoto na wajawazito wasiwepo.

Kuhusu maziwa. Katika gereji na mashamba kuna imani kwamba maziwa “yanasafisha” kifua na kuondoa sumu, na wapo waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa kila jioni kwa moyo mkunjufu. Sina ugomvi na maziwa, ni chakula kizuri. Lakini hayafiki kwenye mapafu, hayarudishi kolinesterasi na hayazuii homa ya zinki, na nina shaka kwamba hupendwa kwa sababu ni nafuu kuliko feni ya kufyonza moshi. Fedha ya maziwa ya mwaka mzima ingefaa zaidi ikinunua katriji.

Kati ya kazi na kitanda pawe na maji na sabuni. Oga kabla ya kurudi nyumbani, au mara tu unapofika, ukiosha nywele na kucha. Usisafishe mikono kwa thina wala petroli, kwani ngozi hunyonya na kupasuka. Nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala, zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu. Rudini kwenye kitalu kilichopulizwa baada tu ya muda ulioandikwa kwenye lebo kwisha, hata kama maua yanasubiriwa na ndege ya mizigo. Na mwenye zamu za saa 12 ajue kwamba viwango vingi vya usalama vya kemikali hewani vilikokotolewa kwa siku ya saa 8 na wiki ya saa 40. Anayekaa saa 12 anavuta zaidi, na ana saa 12 badala ya 16 za mwili kujisafisha, kwa hiyo kiwango kinachosemwa ni salama kwa mwingine si salama kwake.

Hatua ya saba: Linda usiku wakati unasubiri

Usimeze diazepamu au dawa nyingine ya usingizi bila daktari anayejua kazi yako. Aliyekwisha kulewa viyeyusho mchana, au ambaye pumzi hukatika usingizini, anaweza kuzidiwa na dawa hizo, na pombe inafanya hivyo pia. Lala chumba kisicho na kemikali, dirisha lifunguliwe inapowezekana, chandarua kiwepo.

Nenda hospitali usiku huohuo, ukiwa na lebo mkononi, ukiona mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano pamoja na mate na jasho jingi, pumzi ngumu, misuli kuchezacheza, degedege au kuchanganyikiwa. Kwa sumu ya oganofosfeti ipo dawa, atropini, na dakika ni muhimu. Vua nguo zilizolowa na uoshe ngozi kabla ya kuondoka au njiani.

Hatua ya nane: Zungumza na mwajiri, kisha na mamlaka

Wasilisha malalamiko kwa maandishi, ukibaki na nakala, na ikiwezekana mwende wengi, kwa sababu wafanyakazi watano wenye daftari zinazofanana hawawezi kuambiwa kwamba kila mmoja ana mawazo ya nyumbani. Waombe wenzako waandike kila mtu peke yake kabla ya kulinganisha.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga na kuwapima wafanyakazi afya, na msimamizi wake ni OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Madai ya ugonjwa utokanao na kazi hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Nchini Kenya zipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 na ile ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka huohuo, na idara inayohusika ni DOSHS, yaani Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini. Viuatilifu visivyosajiliwa au visivyo na lebo huripotiwa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa Tanzania, na kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu kwa Kenya. Sheria za fidia zina ukomo wa muda wa kudai, kwa hiyo mara daktari anapoandika kwamba ugonjwa unahusiana na kazi, toa taarifa siku hizohizo. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi atunze kila kinachothibitisha kwamba alikuwepo: ujumbe wa malipo kwenye simu, picha, majina ya zamu.

Usitegemee kwamba kukosa usingizi peke yake kutakubaliwa kama ugonjwa wa kazi. Kinachokubalika kwa urahisi zaidi ni ugonjwa wenye kipimo, kama pumu, sumu ya risasi, sumu ya zebaki au kushuka kwa kolinesterasi, na usingizi ukaelezwa ndani yake kama mojawapo ya madhara.

Baada ya mabadiliko

Daftari liendelee, lakini matarajio yalingane na kemikali. Homa ya zinki isirudi tena tangu wiki ya kwanza ya kufanya kazi bila moshi, na ikirudi, tafuta unatoka wapi. Kolinesterasi iliyoshuka sana kwa oganofosfeti inaweza kuhitaji miezi miwili hadi minne. Zebaki mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa miezi miwili hivi, kwa hiyo mtetemeko na usingizi havitabadilika kwa wiki moja. Pumu ya isosianeti inaweza kubaki hata baada ya kuacha rangi, na aliyekwisha kuipata hapaswi kurudi kwenye hadina hata kwa dakika chache, kwani kiasi kidogo sana kinatosha kuiamsha. Risasi iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya mwezi mmoja hivi, lakini iliyojificha kwenye mifupa hukaa miaka mingi ikirudi kwenye damu kidogo kidogo, na ndiyo maana mtu aliyeacha kuyeyusha betri anapaswa kuendelea kupimwa hata baada ya kipimo kimoja kizuri.